Shokapu za mbele za Corolla NZE121: zinafanya nini, zinakufaje, na jinsi ya kuzibadili

Gari ikivuka tuta, kisha pua ikaendelea kunesa mara tatu au nne wakati tuta limeshaachwa nyuma, wengi husema springi zimechoka. Springi haijachoka hapo. Inafanya kazi yake kama kawaida, na ndiyo maana gari inanesa. Kilichokufa ni shokapu, kifaa kilichowekwa pale ili kuizuia springi isiendelee kucheza.

Tofauti hii ndiyo inayoamua pesa yako itaenda wapi. Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kupunguza mwendo wa springi. Kwa hiyo gari iliyokaa chini upande mmoja haiponi kwa kufungiwa shokapu mpya, na gari inayoyumba kama mtumbwi haiponi kwa kuongezewa mpira juu ya springi. Kila siku watu hununua dawa ya ugonjwa mwingine.

Nitatumia Toyota Corolla NZE121, ile iliyoanza kutoka Japani mwaka 2000, kwa sababu imejaa barabarani kwetu na mpangilio wake wa mbele unafanana sana na wa Premio na Allion za NZT240. Kufanana kwa mpangilio hakumaanishi spea zinaingiliana. Hilo nitalirudia tukifika kwenye kununua.

Ndani ya shokapu

Ukiikata shokapu utakuta mrija uliojaa mafuta, fimbo ya chuma iliyong'arishwa inayoingia na kutoka, na pistoni mwishoni mwa fimbo. Pistoni ina vitundu na vali ndogo. Gurudumu likipanda, fimbo inazama na mafuta yanalazimishwa kupita kwenye vitundu; likishuka, yanarudi kwa njia nyembamba zaidi. Kupita huko kwa taabu ndiko kunakoigeuza nguvu ya springi kuwa joto. Gusa shokapu nzima baada ya safari ya barabara mbaya, utaikuta ina moto. Iliyokufa mara nyingi huwa ya baridi kuliko mwenzake, kwa kuwa haifanyi kazi yoyote.

Juu ya mafuta huwekwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo dogo, kuyazuia yasitoe povu. Mafuta yenye povu hupita vitunduni bila ubishi, na shokapu inalegea hapo hapo barabarani. Ndiyo sababu gari yenye shokapu zilizopoteza gesi huweza kuwa nzuri mjini asubuhi, halafu ikifika kwenye kilomita thelathini za barabara ya vumbi yenye mawimbi, usukani unaanza kutetemeka mkononi na gari inateleza kwenye kona.

Shokapu ya mbele ya gari kama hii ina kazi nyingine ambayo ya nyuma haina. Imeshikiliwa kwa bolti mbili kubwa kwenye kile chuma kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu), na juu imeshikiliwa kwenye bodi kwa mauntingi ya mpira yenye beringi ndani. Ukikata kona, shokapu nzima inazunguka pamoja na gurudumu. Yaani ni nguzo ya gurudumu: ikipinda, gurudumu linainama, beringi ya juu ikikauka, usukani unakuwa mzito na haurudi wenyewe.

Dalili, na zile zinazodanganya

Shokapu iliyokwisha huonyesha mambo yanayoweza kupimwa. Ukishika breki, pua inazama sana kisha inainuka kwa kishindo. Usiku, taa zinapanda na kushuka kwenye barabara iliyo sawa. Tairi inaliwa kwa mabonde: pitisha kiganja juu ya uso wake ukizunguka, utahisi sehemu za juu na za chini kila baada ya sentimita kadhaa, kwa kuwa tairi ilikuwa inadunda badala ya kubingirika. Gari pia inachelewa kusimama kwenye barabara mbovu, maana tairi iliyo hewani haishiki breki.

Jaribio la kukandamiza kona ya gari kwa mikono linasaidia kwa kiasi. Kandamiza mara tatu kwa nguvu, achia ikiwa chini. Ikipanda, ikashuka kidogo na kutulia, bado ipo. Ikiendelea kunesa, imekufa. Lakini jaribio hili hukamata zilizokufa kabisa tu; shokapu iliyochoka nusu inaweza kulipita vizuri.

Angalia mafuta pia. Ukungu mwembamba wa mafuta karibu na sili ya juu (mpira unaozuia mafuta yasitoke) ni wa kawaida, kwani fimbo lazima itoke na mafuta kidogo ili sili isikauke. Ukikuta mrija umelowa hadi nusu na vumbi limegandia kama matope meusi, hapo hakuna cha kujadili.

Sasa kelele. Hapa ndipo watu wengi hubadili kitu kizima na kuacha kibovu. Mlio wa "ko-ko-ko" mdogomdogo kwenye mawe ya barabara, gari ikienda taratibu, mara nyingi ni linki za stabilaiza, vifimbo vinavyoiunga shokapu na ile fimbo inayozuia gari isilale kwenye kona. Shika linki kwa mkono gari ikiwa chini, mtu mwingine aitikise gari: ikicheza, utaisikia kiganjani. Mlio mmoja mzito wa "dugu" kila unapoingia shimoni huenda ni bushi (mpira) ya wishboni, yaani mkono wa chini unaoshika gurudumu, au boljointi, kifundo cha mwisho wa mkono huo. Mlio wa springi kuruka, "twing", unapokata usukani ukiwa umesimama, ni beringi ya mauntingi iliyogoma: springi inajipinda hadi inaponyoka. Fungua boneti, weka vidole juu ya springi kupitia upande wa tairi au juu ya kifuniko cha mauntingi, mwenzako akate usukani polepole. Mauntingi ikiruka au kuinuka badala ya kuzunguka laini, umeipata. Angalia vidole vyako visiingie kati ya mizunguko ya springi.

Zinakufa kwa nini mapema

Mara nyingi chanzo ni mpira wa bei ndogo. Kuna kava ya vumbi inayofunika fimbo, na ndani yake kuna mpira wa kuzuia, ule unaopokea kishindo springi ikiisha safari yake. Kava ikipasuka, mchanga unakaa juu ya fimbo, fimbo inauingiza kwenye sili, sili inakatwa, mafuta yanatoka. Mpira wa kuzuia ukimomonyoka, na kwenye gari iliyoingia nchini ikiwa na miaka kumi na zaidi huwa unavunjika mkononi kama biskuti, kila shimo kubwa linapigisha chuma kwa chuma hadi vali za chini ya shokapu zinavunjika. Mtu anafunga shokapu mpya, anarudishia kava iliyochanika na mpira uliomomonyoka, kisha baada ya miezi michache analalamika kuwa shokapu ni feki. Huenda ni feki kweli, ila hata ya asili isingevumilia.

Kuhusu kutoboa shokapu, kuijaza mafuta na kuchomelea tundu: usikubali. Sili iliyovujisha mafuta ya mwanzo bado ni ileile, gesi hairudi, mafuta yanayotiwa hayana uzito uliopimiwa vali zile, na chembe za kulehemu zinabaki ndani. Utapata ugumu wa wiki chache, kisha unarudi ulipokuwa, ila sasa kwenye nguzo ya gurudumu iliyopigwa moto.

Kununua

Nenda dukani na namba ya chesisi. NZE121 inavuta kwa mbele. NZE124 inavuta magurudumu manne. ZZE122 ina injini ya 1.8. Macho hayawezi kuzitenganisha shokapu zake juu ya kaunta, namba inaweza. Kulia na kushoto pia si moja: vishikio vya paipu ya breki na linki vimeelekea pande tofauti.

Nunua mbili, daima mbili. Upande mmoja ukiwa mgumu na mwingine laini, gari itavuta unaposhika breki kwenye mashimo. Pamoja nazo chukua mauntingi mbili zenye beringi, kava mbili za vumbi, mipira miwili ya kuzuia, na linki mbili za stabilaiza. Ukifungua mara moja, kazi ya kuweka vyote hivi ni bure. Ukiviacha, utalipa ufundi mara ya pili. Springi usizibadili bila sababu. Pima kutoka katikati ya kifuniko cha rimu hadi ukingo wa fenda, kulia na kushoto, gari ikiwa tupu kwenye sakafu iliyo sawa na tairi zina upepo sawa. Tofauti ikizidi sentimita moja na nusu, au springi ina ufa au imekatika ncha (ncha ya chini hukatika sana kwa sababu ya kutu), badili mbili.

Shokapu ya gesi ikitolewa boksi fimbo yake huwa imefungwa kwa mkanda. Mkanda ukikatwa, fimbo inapanda yenyewe taratibu. Isipopanda, ama si ya gesi, ama imekaa ikapoteza gesi. Ikandamize kwa mkono kwenye sakafu: safari yote iwe na uzito uleule, bila sehemu ya kuporomoka. Shokapu za mtumba zipime vivyo hivyo, na kagua fimbo kwenye mwanga. Alama moja ya kutu yenye ukubwa wa kichwa cha pini inatosha kuikata sili.

Kabla ya kuzifunga, zisimamishe wima na uvute na kukandamiza kila moja mara nne au tano, safari nzima, polepole. Zimelala kwenye boksi kwa miezi na gesi imeingia upande wa mafuta. Bila kufanya hivi zitagonga siku za kwanza na utamlaumu muuzaji.

Kutoa

Gari iwe sakafu ngumu, gogo au jiwe kwenye tairi za nyuma, hendibreki juu. Legeza nati za tairi nusu mzunguko kabla ya kunyanyua. Nyanyua pande zote mbili za mbele na uziweke kwenye stendi. Ukinyanyua upande mmoja, stabilaiza inajikunja na linki inakuwa na mvutano: ukifungua inaruka, na kuirudisha ni vita.

Puliza mafuta ya kulegeza kutu (WD-40) kwenye nati zote, uipe robo saa. Kisha chora kwa rangi au chokaa mahali chuma cha habu kinapokutana na shokapu. Matundu ya bolti yana nafasi ndogo, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua mwinamo wa tairi. Alama haitachukua nafasi ya alaimenti (kunyoosha tairi kwa mashine), lakini itakufikisha huko bila kula tairi.

Anza na nati ya linki. Katikati ya bolti yake kuna tundu la spana ya L. Lishikilie hapo, la sivyo mpira wa linki utazunguka pamoja na nati na hutafungua milele. Toa bolti ya kishikio cha paipu ya breki na ya waya ya ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukishika breki). Hii ya ABS husahaulika, na waya ukivutwa unakatika ndani ya ganda lake ambapo huoni; taa ya ABS inawaka na fundi anaanza kutafuta sensa.

Weka jeki chini ya wishboni, iguse tu. Fungua nati mbili kubwa za chini ukishikilia bolti zisizunguke. Zungusha nati, si bolti. Kabla ya kuzichomoa, funga chuma cha habu kwa kamba au waya kwenye springi au bodi. Kikianguka nje kwa uzito wake, paipu ya breki inaning'inia na shafti inaweza kuchomoka ndani ya jointi yake ya gia boksi. Sasa fungua nati tatu za juu, za namba 14, mkono mmoja ukiwa umeikamata shokapu. Nati ya katikati usiiguse. Hiyo ndiyo inayoizuia springi, na ikifunguliwa hapo springi inaachia nguvu yake yote kwa mara moja; imewavunja watu taya. Kwenye baadhi ya gari, Corolla za kizazi kilichofuata zikiwemo, nati za juu zimejificha chini ya plastiki ya waipa, hivyo waipa hutoka kwanza.

Kubadili springi kwenda shokapu mpya

Sehemu hii ifanye bila haraka, au uipeleke kwa mwenye mashine ya ukutani ya kubana springi. Kama unatumia vibanio viwili vya skrubu, viweke pande zinazotazamana, kila kimoja kishike mizunguko mingi iwezekanavyo, nyuzi zake ziwe na grisi. Kaza huku mizunguko mitatu, kule mitatu, kwa mkono. Usitumie bunduki ya upepo. Inapasha nyuzi moto na ndoano hukatika. Springi ikilegea kwenye viti vyake na kutikisika, basi inatosha, usiendelee. Kichwa na mikono visikae mstari mmoja na springi.

Piga picha ya mpangilio kwa simu, kisha fungua nati ya katikati. Itatoka nati, mauntingi, beringi, kiti cha juu cha springi, mpira wake, kava na mpira wa kuzuia.

Hapa kuna kosa moja linaloua shokapu mpya ndani ya dakika. Fimbo ikizunguka pamoja na nati, fundi anachukua plaizi na kuibana fimbo. Meno ya plaizi yanaacha mikwaruzo midogo kwenye ule mng'ao. Siku ya kwanza hakuna kinachoonekana, lakini kila mkwaruzo una ukingo mkali kama wembe, na kila gurudumu linapopanda ukingo ule unapita kwenye mdomo wa sili. Baada ya mwezi mmoja au miwili mafuta yanaanza kushuka. Fimbo hushikiliwa kwa ncha yake ya juu tu, ambako kuna pembe za spana.

Springi inapokaa kwenye shokapu mpya, ncha yake ya chini iingie kwenye kibonde cha kiti na igote pale. Ikipanda juu ya ngazi hata kwa sentimita moja, itashuka yenyewe siku ya kwanza kwa kishindo na gari itakaa upande. Kwenye Toyota nyingi kiti cha juu kina maandishi "OUT". Yaelekee nje ya gari. Nati ya katikati iwe mpya, ile yenye kujifunga. Legeza vibanio kwa zamu, ukihakikisha springi imekaa juu na chini.

Kurudisha na kukaza

Ingiza juu kwanza, nati tatu kwa vidole. Pandisha jeki kidogo hadi matundu ya chini yalingane, ingiza bolti kwa upande zilikotoka, linganisha alama uliyochora, ndipo ukaze. Vipimo vya NZE121: bolti mbili za chini nyutonimita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 153, nati tatu za juu 39, nati ya katikati 47, linki 74, nati za tairi 103.

Kama huna spana ya kipimo, tumia hesabu. Nyutonimita 153 kwenye mpini wa nusu mita ni sawa na kuvuta uzito wa kilo 31. Nyutonimita 39 kwenye racheti ya sentimita 20 ni kilo 20 hivi. Nati za juu ndizo zinazoumizwa zaidi: bunduki ya upepo inapigwa hadi bolti ya mauntingi inazunguka ndani ya bati au inakatika, na mauntingi mpya inatupwa. Za chini huumizwa kinyume chake, hukazwa kidogo mno, kisha gurudumu linahama kila unapopiga shimo na alaimenti haishiki.

Tia grisi juu ya beringi, rudisha kifuniko chake ili maji ya mvua yasiingie. Rudisha vishikio vya paipu na waya, kisha kata usukani hadi mwisho pande zote ukiangalia kama paipu inavutwa au inagusa tairi.

Ikigonga baada ya kufunga, usifungue kila kitu. Anza na nati ya katikati, kisha linki, kisha angalia ncha ya springi. Kava ya vumbi isiyokaa vizuri nayo hupiga mlio mwepesi wa plastiki ambao wengi huudhania kuwa shokapu.

Alaimenti ifanyike baada ya kuendesha kilomita chache, ili springi na mipira ikae. Kabla ya kuingia kwenye mashine, mwombe fundi atikise tairodi (fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu) na boljointi, kwa sababu kupima gari yenye tairodi inayocheza ni kupima namba zitakazobadilika getini. Baada ya kilomita 100 hivi, rudi na spana ukaguse bolti mbili za chini na nati za tairi. Tairi zilizoliwa mabonde zitaendelea kuvuma hata kama kila kitu ni kipya, zihamishie nyuma.